Baba Alivyoninolea Viatu vya Barafu

Baba yangu, Zakhar Ilyich Bugrov, hakuvaa viatu vya barafu hata siku moja maishani mwake. Alikuwa mkereza vyuma, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine, katika kiwanda kimoja mjini kwetu Kirov, mtu mfupi, mpana wa mabega, mwenye vidole vilivyoingiwa na weusi wa mafuta ambao sabuni ilishindana nao miaka thelathini ikasalimu amri. Mama, Kapitolina, alikuwa mhudumu wa behewa katika treni za mbali. Akiondoka na treni ya Vladivostok hatukumwona kwa wiki mbili na ushei. Akirudi alilala siku nzima, akatupikia supu ya kabichi sufuria kubwa, akatugombeza kwa yote tuliyoharibu, kisha akaondoka tena. Kwa hiyo kazi ambazo kwa wenzetu zilikuwa za mama, kwetu zilimwangukia baba: kunisuka nywele, kunitia glavu, kunipeleka mazoezini.

Kwenye mchezo huu wa kuteleza juu ya barafu niliingia bila ya mtu kupanga. Nilikuwa na miaka sita. Mwalimu Inessa Karlovna, mwanamke mwembamba aliyevaa koti la manyoya lililokwisha viwiko, alikuja shuleni kwetu akatuambia turuke kwa mguu mmoja. Walioanguka walirudi kwenye viti vyao. Mimi sikuanguka. Nikapewa karatasi niipeleke nyumbani, baba akaitia sahihi akidhani ni ya chanjo.

Siku ya kwanza aliyokuja kuniangalia uwanjani alitarajia ngoma na mizunguko kama ile ya kwenye televisheni. Hakukuwa na muziki. Watoto kumi na wawili walikuwa wametawanyika juu ya barafu, kila mmoja na kipande chake, wanachora namba nane kwa mguu mmoja, polepole, wameinamisha vichwa kama watu waliodondosha sindano. Miaka ile huo ndio uliokuwa msingi wa mchezo. Kabla ya kuruka na kuzunguka, mshindani alichora miduara ya lazima, akairudia mara tatu juu ya mstari uleule, na majaji wakaja na buti zao za sufu kuinama na kuitazama. Nusu ya alama zilitoka hapo.

Wazazi wengine walichoka mapema. Wakatoa sufu zao wakafuma, wakasimuliana habari za foleni za soseji. Baba alisimama kwenye ukingo saa nzima, mikono nyuma. Mazoezi yalipokwisha alimfuata mwalimu.

"Samahani, Inessa Karlovna. Huo mduara unatakiwa uwe sahihi kiasi gani?"

"Kiasi anachoweza mtoto."

"Hapana, mama. Nauliza kipimo."

Mwalimu alimtazama. Nadhani katika miaka ishirini ya kazi hakuwahi kuulizwa hivyo. "Haya. Mistari yote mitatu ikikaa ndani ya upana wa kidole, mimi nitashukuru."

"Kidole cha nani?" baba akauliza.

Hakuwa anatania. Jioni ile alikaa mezani na penseli, na wiki iliyofuata alikuwa amechonga bikari ya mbao ya urefu wa mtu, mguu mmoja una msumari wa kusimamia, mwingine una msumari wa kuchorea. Uani kwetu, kati ya mabanda ya kuni na chumba cha boila iliyopasha nyumba zetu joto, palikuwa na uwazi wa kutosha. Baba alikubaliana na mzee wa boila, wakavuta mpira wa maji, na baridi ya Desemba ikafanya yaliyobaki. Kila safu ya maji aliisubiri igande kabla ya kumwaga nyingine. Majirani walipopita aliwaambia wazunguke, kana kwamba amepanda ngano.

Tangu hapo, kila alfajiri kabla ya shule, tulikuwa tunashuka uani. Taa ya chumba cha boila ilitoa mwanga wa njano, moshi ulipanda wima, na theluji ililia chini ya buti zetu. Baba alichora mduara kwa bikari. Mimi niliufuata mara tatu kwa mguu wa kulia, mara tatu kwa wa kushoto. Kisha alipiga magoti na kuukagua kwa tochi.

"Hapa umeyumba."

"Sijayumba, baba."

"Mwanangu, mimi na wewe tunaweza kudanganyana. Barafu haidanganyi. Njoo uone."

Nikiinama nilikuta kweli mstari umepinda, kitu kidogo, kama unywele uliokunjika. Hakunifokea. Alifuta kwa ufagio, akachora upya, akangoja. Kama nimeufanya vizuri hakusifu pia. Aliguna tu, "Mm," na ile "mm" niliibeba hadi shuleni nikiwa nimeifungia kifuani, nisitake kuzungumza na mtu isije ikatoka.

Mama akiwa nyumbani alitutazama dirishani akiwa na kikombe chake cha chai.

"Zakhar, huyu ni mtoto, si bolti," alimwambia siku moja tulipopanda.

"Bolti ningekuwa nimeshaimaliza," baba akajibu.

"Midomo yake imekuwa ya bluu. Ukimpeleka shule hivi watasema tumemtoa mtoni."

"Rimma, unasikia baridi?"

"Sisikii," nilisema, na meno yakanisaliti.

Mama alinivua glavu akanitia mikono kwapani mwake. "Hawa wawili," alisema, kana kwamba kulikuwa na mtu wa tatu jikoni wa kumsikiliza. Lakini safari iliyofuata alirudi na zipu ya kigeni na kitambaa cha samawati chenye kuvutika, alichokipata Riga kwa abiria mmoja kwa kubadilishana na samaki wa kuvuta moshi. Kitambaa cha namna ile hakikuwa kikionekana madukani kwetu. Mama alikitandaza mezani akakilaza kiganja juu yake. Halafu akaitwa kazini siku mbili kabla ya wakati, kazi ya kunishonea gauni la mashindano ikabaki kwa baba.

Alinipima kwa kalipa ya kiwandani, ile ya kupimia unene wa vyuma. Alichora vipande kwenye gazeti kama achoravyo bati, akakata, akashona kwa mkono kwa uzi wa viatu kwa sababu ndio aliouamini. Mshono ulikuwa umenyooka kuliko wa dukani. Nilipolivaa sikuweza kuinua mikono, na hewa ilikuwa haifiki chini ya mbavu.

"Linakubana?"

"Kidogo."

"Vipimo ni sahihi," alisema, akalizunguka gauni mara mbili. Kisha akaketi. "Nilisahau kwamba mtu hupumua."

Alilifumua lote akaanza upya.

Lakini fahari yake kubwa ilikuwa kunoa. Chuma cha kiatu cha barafu si kama kisu. Chini yake, katikati, kuna mfereji mwembamba, na pembeni mwa mfereji huo kuna kingo mbili. Kwa miduara unataka mfereji wa kina kidogo, kiatu kiteleze bila kung'ata. Kwa kuruka unautaka wa kina zaidi, kiatu kishike. Watoto wa miji mikubwa walikuwa na jozi mbili za viatu. Mimi nilikuwa na jozi moja, iliyopita kwa wasichana wawili kabla yangu, na baba aliinoa upya kati ya siku ya miduara na siku ya kuruka. Alijitengenezea mawe mawili ya kunolea, mviringo kama fimbo, moja nene na moja jembamba, na kishikizo cha chuma cha kuyaongoza. Hakuruhusu mtu mwingine kugusa viatu vile. Inessa Karlovna alipojitolea kuvipeleka kwa fundi wa uwanjani, baba alimshukuru kwa adabu, akavitia chini ya koti lake.

Februari ya mwaka sabini na sita, nikiwa na miaka kumi na mmoja, tulikwenda Perm kwenye mashindano ya watoto ya mikoa ya Ural. Inessa Karlovna alisafiri na wasichana watatu, na baba alichukua siku nne za likizo yake ili aje nami. Behewani tulikula kuku wa baridi na mayai ya kuchemsha, tukanywa chai kwenye glasi. Pahali fulani katikati ya safari treni ilifunga breki ghafla, na sanduku la abiria mmoja aliyekuwa kitanda cha juu likaporomoka juu ya begi letu. Baba alilifungua palepale. Jiwe jembamba, lile la mfereji wa kina, lilikuwa limevunjika vipande vitatu.

Abiria yule aliomba radhi mpaka masikio yakawa mekundu. "Ni jiwe tu, ndugu yangu?"

"Ni jiwe tu," baba alisema, akavifunga vile vipande kwenye leso.

Siku ya miduara haikuhitaji jiwe lile. Nakumbuka ukimya wa uwanja ule, na ufagio ukipita barafuni kabla ya zamu yangu. Nilichora miduara mitatu waliyotupangia. Majaji saba walikuja, wakainama. Mmoja alipiga goti kabisa, kama baba, akabaki pale muda mrefu. Matokeo yalipobandikwa nilikuwa wa pili kati ya wasichana kumi na tisa. Inessa Karlovna alinibusu kwenye paji la uso, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla na hakulifanya tena.

Baba hakufurahi sawasawa. Alikuwa akitazama saa. Uwanjani palikuwa na fundi, lakini mbele ya mlango wake walisimama wazazi thelathini, na fundi alikuwa akinoa viatu vyote kwa kina kimoja. Baba alisimama kwenye foleni dakika tano akimwangalia anavyofanya kazi, kisha akatoka.

"Vaa koti," aliniambia. "Mji huu una viwanda. Penye kiwanda pana mkereza."

Tulipanda tramu hadi mwisho wa njia, palipokuwa na ukuta mrefu wa matofali na lango la chuma. Ndani ya kibanda cha lango alikaa mlinzi, mama mnene mwenye shali mbili. Jina lake, tulikuja kujua, ni Glafira.

"Nipe kitambulisho," alisema.

"Sina, mama. Mimi ni wa Kirov. Nataka kuongea na mkereza yeyote, dakika kumi tu."

"Hapa hata mbwa haingii bila kitambulisho."

"Mbwa hana viatu vya kunoa," baba akasema, akaviinua viatu vyangu mbele ya kidirisha.

Glafira alivitazama, akanitazama mimi. Nilikuwa na nywele zilizosukwa na baba kwa mkazo hata nyusi zilipanda, na uso wangu nadhani ulionekana una mshangao wa kudumu.

"Huyu ndiye mchezaji?"

"Ndiye. Leo amekuwa wa pili. Kesho anaruka, na viatu haviwezi kuruka."

"Wa pili kati ya wangapi?"

"Kumi na tisa."

Alifikiri. "Kuingia huingii. Wakinikuta nimekuingiza, mimi ndiye nitakayetoka. Lakini zamu inabadilika saa kumi. Nitakuitia Makar. Makar akikataa, nenda zako."

Makar Safronov alitoka akijipangusa mikono kwa kitambaa. Alikuwa mrefu, mkondefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Baba alimweleza. Alichora kwenye karatasi ya kufungia siagi: kina cha mfereji, urefu wa kingo, upinde wa chuma kuanzia kisigino hadi kidole. Makar alisikiliza. Mwisho akasema, "Nina gurudumu la kunolea ninaloweza kulichonga kwa kipimo hiki. Lakini wewe huwezi kuja."

"Najua."

"Basi nipe."

Baba hakutoa. Alikuwa ameshika viatu kwa kamba zake, na nilimwona anatazama mikono ya Makar kama mtu anavyotazama mikono ya daktari. Zilipita labda sekunde kumi. Kisha akampa.

"Mguu wa kushoto," alisema, "ukingo wa ndani umechakaa zaidi. Ukingo wa ndani. Usimlaumu mtoto, ndivyo anavyokanyaga."

"Nimesikia, bwana."

"Kushoto."

"Nimesikia."

Tulingoja karibu saa nzima. Glafira aliniingiza kibandani, akanipa chai na nusu ya mkate wake wa kabichi, akataka nimwonyeshe mikono inavyoshikwa wakati wa kuzunguka. Baba alikataa kuingia. Alitembea nje kwenye baridi, kutoka lango hadi nguzo, kutoka nguzo hadi lango, mpaka akachimba njia kwenye theluji.

"Huwa hivi siku zote?" Glafira aliniuliza.

"Hajawahi kumpa mtu viatu hivi," nilisema.

"Mungu wangu. Mume wangu hata mimi mwenyewe alinitoa kwa jirani nikampikie."

Makar aliporudi, nyuma yake walikuwa wakereza wengine wawili, wamekuja kuona. Baba alivipokea viatu, akavipindua, akavielekeza kwenye taa ya lango. Alipitisha ukucha juu ya kila ukingo. Aliweka sarafu juu ya chuma kuona kama inakaa sawa pande zote mbili. Nilimjua baba, nilijua angeona unywele.

"Nani alikufundisha kazi?" akauliza hatimaye.

"Marehemu baba yangu."

"Alikufundisha."

Makar aliinamisha kichwa. Baba alitoa mfuko wa mikate ya uyoga tuliyobaki nayo ya safari, na Makar akaupokea. Wakashikana mikono, mikono yote minne myeusi.

"Kesho ni saa ngapi?" mmoja wa wale wawili aliuliza.

Sikudhani watakuja. Lakini nilipoingia barafuni siku ya pili, kwenye viti vya juu kabisa kulikuwa na safu ya wanaume wenye makoti ya kazi, kumi na mmoja, na mwishoni mwao Glafira na shali zake. Walikuwa hawajui mchezo ule hata kidogo. Walipiga makofi niliposimama, niliponyoosha mkono, hata nilipopanga sketi yangu. Mruko wa kwanza ulikaa. Wa pili ulikaa, viatu vikashika kama nilivyotaka vishike. Wa tatu ulikuwa wa kuzunguka mara mbili, na nikiwa hewani nikakumbuka kwamba mimi ni wa pili na kwamba watu wananiangalia. Nilianguka kwa paja, nikateleza hadi ukingoni. Juu kule walipiga makofi tena, wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Kisha sauti moja nene ikasema, "Nyanyuka, Kirov," bila kupaza sana. Nikanyanyuka nikamaliza.

Nilikuwa wa nne. Watatu wa kwanza walipanda jukwaani, mimi nikasimama chini na shada la maua ya karatasi walilogawiwa wote. Nilipomfikia baba nilikuwa nalia.

"Viatu vilikuwa vizuri," nilisema. Nilitaka ajue hilo kabla ya yote.

"Najua. Nenda ukamwambie Makar. Mtu yule hakulala vizuri."

Makar alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Nilimwambia viatu vilikuwa vizuri, kwamba nimeanguka kwa sababu niliogopa.

"Basi tumefanana," alisema. "Mimi naogopa hata ngazi. Mke wangu ndiye anayebadilisha balbu."

Nikacheka huku kamasi zinanitoka. Baba alinipangusa kwa ile leso iliyokuwa na vipande vya jiwe, akasahau, vikadondoka vikatawanyika sakafuni, na wakereza wawili wakubwa wakapiga magoti kuviokota.

Nilicheza miaka minne zaidi. Sikupanda jukwaani isipokuwa mara moja, huko Izhevsk, nafasi ya tatu. Nilipofika miaka kumi na mitano nilikuwa nimerefuka kichwa kizima kumzidi baba, goti likaanza kuvimba, na Inessa Karlovna akatuita akatuambia ukweli kwa upole. Baba alimshukuru. Tukarudi nyumbani hadi uani. Hapo akasimama akatazama barafu yake.

"Nitaendelea kuimwagia," alisema. "Kuna watoto wengine."

Aliimwagia hadi alipostaafu, na baada ya kustaafu akapewa kichumba uwanjani awanolee watoto viatu. Kila mtoto baba alimuuliza uzito wake, anakanyaga upande gani, kesho ana miduara au anaruka. Walimwita babu Zakhar. Yeye na Makar waliandikiana kadi kila mwaka mpya, mistari miwili mitatu: afya, hali ya hewa, mashine gani imeletwa kiwandani. Kisha mwaka mmoja kadi ikaja kwa mwandiko wa mwanamke. Baba alipanda treni ya mama kwenda Perm, akafika siku ya tisa baada ya maziko ya Makar. Glafira alimpeleka kaburini. Alipomwambia Glafira na wale wakereza kwamba mimi, binti yake, sasa nafundisha jiografia huko Kirov, walishangaa, maana kwao nilikuwa bado na miaka kumi na mmoja.

Ilipotangazwa redioni kwamba miduara ya lazima imeondolewa kwenye mashindano yote, nilikuwepo jikoni, nimekuja na mwanangu mchanga. Watazamaji hawakuipenda, mtangazaji alisema, na televisheni haikuweza kuionyesha. Mama alimtazama baba. Yeye alikuwa akikoroga chai.

"Zakhar?"

"Nimesikia," alisema. Alikoroga kidogo zaidi. "Basi watanoa kwa kina kimoja tu. Itakuwa kazi rahisi."

Hakunywa ile chai. Alivaa koti akaenda uwanjani, ingawa ilikuwa Jumapili na pamefungwa. Mama alimwacha aende.

Baba alifariki akiwa na miaka themanini na mmoja. Siku hizi napita mara nyingine kwenye ua ule. Chumba cha boila kimebomolewa, pamewekwa magari. Kukiwa na baridi kavu ya asubuhi, ile inayofanya theluji ilie chini ya kiatu, nasimama kidogo kati ya magari yale, na nikikutana na jirani ananiuliza kama nimepoteza kitu, namwambia hapana, napumzisha goti.